Mita 914: Risasi kubwa siyo dawa

CHUKUA viwanja vinane vya mpira, vipange goli kwa goli kuanzia Tarime mjini kuelekea barabara ya Sirari. Ongeza cha tisa, ila ukikate. Mwisho wake simamisha duara lenye upana wa sentimita 61. Sasa lala kifudifudi, upige hapo katikati. Hakuna VAR.

Hizo ni yadi 1,000, sawa na mita 914, umbali unaoamua bingwa kwenye mashindano ya Bisley, Uingereza, yanayofanyika hapo tangu 1890.

Ukimtajia mtu umbali huo, haraka haraka atakwambia tafuta bunduki ya risasi nene. Kakosea, na mkoa wa Mara una ushahidi wake.

Kule Ikoma, wilayani Serengeti, Wajerumani walijenga ngome. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, askari wao wengi walikuwa bado na Mauser ya 1871, risasi milimita 11. Nene kweli kweli! Lakini ilitumia baruti ya kizamani. Ukifyatua tu, wingu la moshi linamwonyesha adui ulipojificha. Waingereza walikuwa na .303, haifiki hata milimita 8, ila ilikwenda kasi na mbali zaidi. Ndiyo hiyo waliyoishika vijana wa Kikurya walioingia KAR katika Vita vya Pili, na ndiyo iliyotamba Bisley hadi miaka ya 1960.

Siku hizi kanuni za pale zinaruhusu milimita 7.62, yaani .308, au 5.56. Kwa masafa marefu wengi wanabeba 7.62.

Shida ni upepo. Risasi ya .308 inakaa hewani zaidi ya sekunde moja na nusu kufika yadi 1,000. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule wa kupeperusha bendera ya kona tu, unaisogeza zaidi ya mita mbili. Umelenga kati ya goli, inapita karibu na nguzo.

Hapo ndipo 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni 2007, ilipojipatia mashabiki. Ni nyembamba na ndefu, inakata upepo vizuri na haipigi bega sana. Kasoro yake, mtutu unachoka mapema kuliko wa .308. Kwenye mashindano yanayobana kaliba, hairuhusiwi kabisa.

Na ile .375 ya wawindaji wa nyati? Hiyo ni beki wa kazi moja. Mlenga shabaha anafyatua risasi 15 mfululizo au zaidi; kwa teke lile, ya kumi utafumba macho kabla hujavuta.

Kwa anayeanza, .308 inatosha: mtutu unadumu, na upepo utakufundisha adabu. Ila Tanzania silaha ina Sheria ya 2015, bila leseni hakuna mchezo, na hifadhini si pa kwenda kujaribu.

Halafu ulengaji shabaha uliondolewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022, na Glasgow 2026 haumo pia. Kilichobaki kwa kijana wa Nyamongo au Mugumu ni Olimpiki: bunduki ya upepo, risasi milimita 4.5, umbali mita 10. Ni karibu kuliko penalti, ila pointi 10 ni nukta ya nusu milimita.