Ufundi wa mchimbaji nao una mwenyewe: namna ya kuomba breveti

Kila mtu wa Masisi anajua chukudu. Inashuka na makala, viazi, kabeji na mbao mpaka Goma, na kule Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya barabara. Lakini uliza ni nani alichonga chukudu ya kwanza. Wazee wengine watakwambia ilianza miaka ya 1970, wengine mbele ya hapo, na kila mmoja atakutajia kijiji chake. Jina la fundi hakuna. Tarehe hakuna, karatasi hakuna. Leo kila mwenye shoka na mti wa mikaratusi anajitengenezea yake, na hakuna wa kumdai hata franka moja.

Hatusemi ni vibaya. Chukudu imesomesha watoto wengi wa milima yetu. Tunaanza nayo sababu kwenye mashimo, kuanzia koltani ya Rubaya mpaka kasiterite ya Walikale, watu wanabuni vitu kila mwaka: namna mpya ya kusimamisha miti ya kuzuia udongo, sanduku la kuoshea mchanga ambalo halipotezi unga, winchi ya kupandisha mifuko, chombo cha kupeleka hewa chini. Na vitu hivi vinaenda njia ile ile ya chukudu. Aliyevitunga anabaki na koleo lake, mwenye atelie mjini anavitengeneza kwa mia na kuviuza.

Kwenye sendika tunaulizwa: je, Leta inaweza kulinda kitu ambacho mchimbaji amevumbua? Jibu ni ndiyo, na sheria yake ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaofanya kazi leo. Ni sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, ya wakati wa Zaire, inayoitwa sheria ya propriété industrielle. Karatasi inayotolewa ni breveti. Wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaiita hataza. Mwenye breveti anapata haki ya peke yake ya kutengeneza na kuuza kitu chake kwa miaka 20, kuanzia siku ile dosye ilipowekwa. Miaka hiyo ikiisha, kitu kinakuwa cha watu wote, kama chukudu.

Kwanza tutoe njiani jambo moja linalochanganya watu wa kwetu. Kugundua si kuvumbua. Ukichimba Walikale ukakuta mshipa wa kasiterite ambao hakuna mtu aliyeujua, hukuvumbua kitu. Kile kilikuwa pale, na kilicho chini ya udongo ni cha Leta, kinaongozwa na Kodi ya Madini ya 2002 iliyobadilishwa mwaka 2018. Breveti haiingii hapo. Wazo tupu nalo halitoshi. Mtu akisema “mimi niliwaza kwanza kwamba hewa inaweza kupelekwa chini”, hana kitu. Lazima aonyeshe namna, kiungo kwa kiungo, hata fundi mwingine akisoma aweze kukitengeneza.

Sheria inataka mambo matatu. Kitu kiwe kipya. Kisiwe kile ambacho fundi yeyote wa kazi hiyo angekifikia bila kuumiza kichwa. Tena kiweze kutengenezwa na kutumika kweli kazini. La pili na la tatu mchimbaji anayapita mara nyingi, maana vitu vyetu vinatoka kwenye shida ya kweli. La kwanza ndilo linalotuangusha.

Kipya maana yake hakijajulikana na watu kabla ya siku ya kuweka dosye. Si kabla ya siku ya kukitengeneza, hapana, kabla ya siku ya kuweka dosye. Na sisi ni watu wa kuonyesha. Kijana mmoja, jina lake hatutalitaja, alikuwa ametunga chombo cha kupulizia hewa. Alichukua gurudumu la baiskeli, akalivika mabawa ya bati, akalifungia ndani ya pipa lililokatwa, na bomba la plastiki likashuka shimoni. Mtu mmoja juu anakanyaga pedali, watu wa chini wanapumua. Hakuna mafuta ya kununua, na hakuna moshi wa mota wa kurudi shimoni na kuua watu. Kazi safi. Siku ya kwanza alikiweka wazi mbele ya timu nzima, watu wakapiga picha kwa simu, jioni picha zikafika kila upande. Baada ya miezi michache chombo kile kile kilikuwa kinauzwa kwenye atelie ya kuchomelea vyuma, kimepakwa rangi. Alipokuja kwetu tulitafuta njia pamoja na avoka, na avoka akatuambia wazi: kimeshajulikana, hakiwezi kuitwa kipya tena, hata na yeye mwenyewe aliyekitunga.

Alituuliza, “Sasa muko nanifundisha ya kama ningekificha?” Ndiyo, kwa wiki chache tu. Unaweza kukijaribu na watu wawili watatu unaowaamini, na kila mmoja atie sahihi kwenye karatasi kwamba atafunga mdomo. Avoka na notere wao kazi yao yenyewe inawafunga midomo. Unaweza kuandika maelezo na kuchora, ukapeleka kwa notere aweke tarehe na muhuri. Lakini musidanganyike: karatasi ya notere si breveti. Inaonyesha tu kwamba siku ile ulikuwa na kitu kile mkononi. Kwenye breveti anayetangulia ni yule aliyeweka dosye kwanza.

Mambo ya tarehe yamewagombanisha watu wa migodi tangu zamani. Kule Uingereza, kwenye makaa ya mawe, gesi ilikuwa inashika moto wa taa na kulipuka. Mwaka 1812 mgodi wa Felling uliua watu 92 kwa siku moja. George Stephenson, fundi wa mashine wa mgodi wa Killingworth, mtoto wa mfanyakazi wa mgodi, ambaye alijifunza kusoma akiwa na miaka 18, alijaribu taa yake isiyolipua chini ya ardhi mwezi wa Oktoba 1815. Novemba ile ile, mwanasayansi mkubwa wa London, Humphry Davy, akatangaza ya kwake. Davy akapewa zawadi ya pauni 2,000, na Stephenson akaitwa mwizi. Ilibidi kamati ya watu wa kwao ichunguze, iseme kwamba alikuwa ameitunga taa yake mwenyewe, na kumpa pauni 1,000. Davy hakukubali hata hapo. Msomi na fundi wa shimo wakigombana bila karatasi, munajua watu wanamwamini nani.

Davy yule alikataa kuchukua breveti. Alitaka taa itumike na kila mtu. Ni jambo la heshima, na wako wenzetu wanaosema hivyo hivyo: kitu kinachookoa watu shimoni, ni aibu kukiwekea bei. Sisi tunaona mambo hayo mawili hayapigani. Mwenye breveti hafungwi na mtu kudai pesa. Anaweza kuandika kwamba wachimbaji na koperative zao wakitengeneze bure kwa kazi yao wenyewe, na kwamba anayekiuza kwa biashara ndiye anayelipa. Bila breveti hawezi kuwatenganisha hao wawili.

Sasa dosye yenyewe. Inaandikwa kwa Kifaransa na kupelekwa Kinshasa, kwenye Wizara ya Industri, ofisi inayoitwa Direction de la Propriété Industrielle. Ndani kunakuwa na barua ya ombi yenye jina na anwani ya mvumbuzi, maelezo ya kitu, michoro, ufupisho, resi ya malipo, na zile revendications, yaani madai. Ukituma mtu mwingine kwa niaba yako, ongeza karatasi ya kumpa mamlaka.

Madai ndiyo roho ya dosye, na hapo tutakaa kidogo. Maelezo yanasimulia kitu; madai yanachora mpaka wa shamba lako. Tuchukue tena chombo cha hewa. Kama angekuwa amewahi kuweka dosye akaandika “nadai chombo chenye gurudumu la baiskeli la inchi 26 na mabawa manane ya bati”, yule wa atelie angechukua gurudumu la pikipiki, akaweka mabawa sita, akasema changu ni kingine. Na angeshinda. Kama angeandika “nadai kila chombo kinachopeleka hewa shimoni”, madai yangevunjwa mara moja, maana mivukuto na feni vilikuwepo kabla babu zetu hawajazaliwa. Lazima ajiulize: ni kitu gani hapa ambacho hakikuwepo mbele? Gurudumu lilikuwepo. Bati lilikuwepo. Pedali ilikuwepo. Kipya chake ni namna vilivyounganishwa: gurudumu lenye mabawa ndani ya pipa lililofungwa, linalozungushwa kwa miguu, likisukuma hewa ndani ya bomba linaloshuka mpaka wanapochimba. Hicho ndicho cha kudai, bila kutaja inchi wala hesabu ya mabawa. Kisha chini yake unaongeza madai madogo: kama lile la juu, lakini na gurudumu la baiskeli, kama lile la juu, lakini na bati la kukunja ili chombo kibebwe mgongoni. Likivunjwa la juu, la chini linaweza kubaki.

Ndiyo maana tunasema chukudu yenyewe haiwezi kupewa breveti tena na mtu yeyote, lakini breki mpya ya chukudu inaweza. Breki tu, na si chukudu yote. Kazi ya kuongeza kwenye kitu kinachojulikana sheria ya 1982 inaitambua. Kuna hata karatasi yake, brevet de perfectionnement.

Malipo yako ya namna mbili. Ya kuweka dosye, na ya kila mwaka ili breveti iendelee kuishi. Bei inawekwa na arrêté ya mawaziri, kwa hiyo uliza ile ya mwaka huu, usimwamini anayekutajia bei barabarani, na usilipe bila resi. Watu wengi wanasahau malipo ya kila mwaka. Ukiyaacha, breveti inaanguka hata kama jina lako limeandikwa vizuri namna gani.

Kutoka Walikale au Masisi mpaka Kinshasa, tunajua wote ni nini. Mbele watu wa Walikale waliweza kupanda ndege ndogo zilizotua juu ya lami ya Kilambo kuchukua kasiterite. Vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege na banki vilifungwa, na dosye ndogo ikawa safari ya kupitia nchi za watu. Mchimbaji mmoja peke yake hataweza. Kwa hiyo tunashauri koperative ibebe gharama, na mtu mmoja wa kuaminika aliyeko Kinshasa apewe karatasi ya mamlaka kwa dosye nyingi pamoja. Lakini hapo muangalie neno moja: koperative kulipa gharama isiwe sababu ya kuandika jina la rais wake mahali pa mvumbuzi. Jina la mvumbuzi ni la aliyevumbua. Mwenye kulipa anaweza kupata sehemu ya faida, na iandikwe kabla ya kuondoka, pasenti kwa pasenti.

Na wale wanaofanya kazi kwa kampuni, wasome kontra yao kabla ya kuongea. Ikisema kwamba unalipwa ili utafute mbinu mpya, unachokitunga kazini kwa vifaa vya kampuni kinaweza kuhesabiwa cha kampuni. Uliyekitunga nyumbani kwa kazi isiyo ya kampuni ni mambo mengine. Mupite kwa delege wa sendika kwanza.

Mpaka nao una maneno yake. Breveti ya Kinshasa inalinda ndani ya Congo tu. Atelie ya ng'ambo, Uganda au Rwanda, ikitengeneza kitu chako na kukiuza kule, Kinshasa haina la kufanya. Lakini nchi yetu iko ndani ya Mkataba wa Paris tangu 1975, na majirani wako ndani pia. Mkataba unakupa miezi 12 tangu dosye ya kwanza: ukiweka ya pili Kampala au Kigali ndani ya miezi hiyo, inahesabiwa kama uliweka siku ile ile ya kwanza. Ukipita hata kwa siku moja, imekwisha. Kenya na Uganda wana pia karatasi ndogo kwa vitu vidogo, inayodumu miaka 10, na vitu vingi vya mashimo vingeingia vizuri pale.

Musichanganye hapa na ofisi mbili za Afrika. ARIPO ya Harare inawaunganisha Uganda, Rwanda, Kenya, Tanzania na wengine. OAPI ya Yaoundé inaunganisha nchi nyingi za Kifaransa, na Congo-Brazzaville imo. Sisi hatumo hata katika moja. Mtu akikuuzia “breveti ya Afrika yote” akisema inalinda mpaka Masisi, anakuuzia upepo.

Ukishapata breveti, hakuna polisi atakayezunguka sokoni kwa ajili yako. Ni wewe utakayemwona anayeiga, ni wewe utakayemwandikia barua, ni wewe utakayekwenda tribinali. Mara nyingi barua ya avoka yenye namba ya breveti inatosha kumfanya mwenye atelie akae chini kuongea bei.

Kwenye kila timu tumeanza kuomba daftari moja: mtu akibuni kitu, anachora, anaandika tarehe, wawili wanatia sahihi, daftari linafungwa kwenye sanduku la delege. Kama kimetungwa na watu watatu, majina matatu yanaandikwa siku hiyo hiyo, kabla mtu hajataja pesa.