Likizo ya uzazi: Barua fupi yenye uzito mkubwa mashambani Naivasha

WIKI chache kabla ya Februari 14, mashamba ya maua yaliyo kando ya Ziwa Naivasha huwa hayalali. Mawaridi hukatwa alfajiri, hupangwa kwa urefu na ubora, hufungwa na kukimbizwa hadi uwanja wa ndege jijini Nairobi kabla hayajanyauka. Mikono inayofanya kazi hiyo, hasa katika kumbi za kupangia maua, aghalabu ni ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mjamzito anayeishi Karagita na kudamkia shambani kila siku ana haki ya kupata likizo kisheria. Kinachoweza kumponza ni namna anavyoiomba.

Kwa mujibu wa kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007, iliyoanza kutekelezwa 2008, mfanyakazi wa kike hupewa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Mwenzake wa kiume hupata wiki mbili. Chini ya sheria ya 1976, mama alipewa miezi miwili tu na kupoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni mapumziko. Leo likizo ya mwaka, ambayo haipungui siku 21 za kazi kwa aliyetimiza miezi 12 kazini, haiguswi na ile ya uzazi.

Hata hivyo, haki hiyo ina sharti ambalo wengi hulipuuza. Mfanyakazi anapaswa kumpa mwajiri notisi ya siku saba au zaidi, kwa maandishi, akitaja tarehe ya kuondoka na nia yake ya kurejea. Muda mfupi zaidi hukubalika panapokuwa na sababu, mathalan uchungu unapoanza mapema. Mwajiri akitaka cheti, si lazima kitoke kwa daktari. Cha mkunga aliyehitimu kinatosha. Kumnong'oneza msimamizi kati ya vitalu vya maua si notisi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mama mwenye busara huandika nakala mbili, huomba moja itiwe sahihi na tarehe, kisha huihifadhi nyumbani pamoja na kijitabu cha kliniki.

Siku saba ni kiwango cha chini tu. Barua ikiandikwa miezi miwili mapema, mwajiri hupata nafasi ya kumfunza mbadala, na mama hupata nafasi ya kupiga hesabu. Anayetarajia kujifungua katikati ya Oktoba, akianza likizo Oktoba 1, atamaliza Desemba 31. Akitaka kuunganisha siku zake 21 za mwaka, zitaangukia Januari, kazi ya maua ya Februari inapopamba moto. Hapa kuna tofauti muhimu: likizo ya uzazi hutolewa notisi, lakini kuunganisha ile ya mwaka huhitaji idhini ya mwajiri. Ni heri idhini hiyo iombwe katika barua ile ile. Aidha, akague kama michango yake ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inawasilishwa, kwa kuwa mpango wa Linda Mama ulifikia kikomo 2024.

Je, vibarua? Wengi hudhani sheria haiwahusu. Kifungu cha 37 chasema vingine: kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi miwili au zaidi, na ajira yake ikawa imegeuka kuwa ya kudumu zaidi ya siku kwa siku, hupata masharti sawa na wengine. Kumbukumbu za siku alizofanya kazi na malipo aliyopokea ndizo zitakazomtetea.

Mkataba wa msimu ni mgumu zaidi. Ukimalizika kwa tarehe yake, mwajiri halazimiki kuurefusha. Lakini akikataa kwa sababu ya mimba, huo ni ubaguzi chini ya kifungu cha 5, na ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Kumfuta mtu kazi kwa sababu ya ujauzito nako ni haramu. Malalamishi hupelekwa kwa afisa wa leba katika muda wa miezi mitatu. Chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU, kina makao yake makuu Nakuru, mji ambao pia una Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Anaporudi, mama anastahili kazi yake ya awali au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni. Vilevile, Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawia mikono na chombo cha kuyahifadhi yakiwa baridi. Muda anaopewa kwa shughuli hiyo ni hadi saa moja katika kila saa nane za kazi, na haukatwi kutoka kwa mapumziko ya chakula.