Kitabu chako utakiita nani?

Wandugu, mnakumbuka kichwa cha TFC yenu? Cha kwangu kilikuwa na maneno ishirini na matatu. Kilianza na "Mchango kwa uchunguzi wa…", kikapita kwenye mbolea ya kuku, kikafika kwenye mavuno ya maharage, kikaishia kwenye jina la kijiji kimoja cha Walungu na misimu miwili ya kilimo. Direkta wangu alikisoma, akaongeza maneno mengine mawili, akasema sasa iko sawa.

Na alikuwa na haki. Kichwa cha memware ni kama etiketi ya mfuko wa mbegu: aina gani, imetoka wapi, imevunwa lini. Mkulima akikuta ndani kitu kingine, umemwibia.

Shida ilinianza pale mimi, mtu wa agronomia, nilipoandika riwaya. Miaka mitatu nimeiandika jioni jioni, ju kazi ya kudumu bado sijaipata. Inasimulia ndugu wawili wa tumbo moja wanaogombania mpaka wa shamba lenye baba yao aliwaachia. Usiku mmoja mtu anang'oa ile miti tunayopanda kwenye mpaka na kuipanda tena mbele kidogo, upande wa ndugu yake. Kuanzia pale kila kitu kinaharibika. Nilipomaliza kuandika nikafanya vile nilivyofundishwa: nikatunga kichwa chenye kusema yote, "Ugomvi wa Ardhi kwenye Mulima…", halafu nikaweka jina lenyewe la mulima wetu.

Baba alikisoma kwenye simu yangu. Alivua miwani, akaniambia: "Hiyo jina utaitosha. Baba mudogo yako angali muzima. Batu batasoma jina tu, kitabu habataifungua."

Nilikasirika siku mbili hivi. Hadithi yangu si ya familia yetu neno kwa neno, lakini mulima ni ule ule, na miti ni ile ile, na kila mtu wa kule angejua nani ni nani kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Kisha nikaona kwamba muzee alikuwa amesema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la familia. La pili ni somo la uandishi ambalo hakuna mwalimu aliyenipa: jina likisema yote, msomaji anaona kitabu ameshakisoma.

Jaribio la pili likawa "Machozi ya Mkulima". Msicheke. Kwetu Kivu, baada ya yale yote tuliyopitia tangu 1996, mkono unaenda wenyewe kwenye machozi, damu, mateso, kilio. Ninaelewa inatoka wapi. Lakini jina la namna hiyo linamwamuru mtu alie akiwa bado amesimama mbele ya meza ya muuza vitabu. Kama atalia, acha alie kwenye ukurasa wa 140, ju umemfikisha pale polepole. Ukimwamuru kwenye jalada, macho yake yanabaki makavu, na mkono wake hauingii mfukoni.

Hapo nikaacha kutunga, nikaanza kuchunguza majina ya wengine kama vile tunavyochunguza majani ya muhogo yenye ugonjwa.

Nianze na kitabu ambacho wengi wetu tumekisikia shuleni kwa Kifaransa, Le Monde s'effondre cha Chinua Achebe. Kwa Kiingereza, mwaka 1958, kiliitwa Things Fall Apart, maneno ambayo Achebe aliyachukua katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland. Maana yake, vitu vinaachana, vinaanguka kila kimoja upande wake. Ukiokota kitabu hicho bila kujua lolote, unajiuliza: vitu gani? Ukikimaliza unajua: ni mtu, ni nyumba yake, ni kijiji chote, ni namna nzima ya kuishi. Mwaka 1973 kikatoka kwa Kiswahili kwa jina Shujaa Okonkwo. Sitaki kumlaumu mfasiri. Jina la mtu ni rahisi kulishika, na Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuita kitabu kwa jina la mtu. Shaaban Robert ana Adili na Nduguze, ana Utubora Mkulima (hicho mwana-agronomia yeyote angekipenda, ingawa hakina hata mstari mmoja juu ya mbolea ya kuku). Lakini angalia kilichotokea. Jina la Achebe linatazama kijiji chote kikibomoka, la Kiswahili linatazama mtu mmoja, tena limeshatuambia kwamba ni shujaa. Na swali la kitabu kizima ni lile lile: je, ni shujaa kweli, huyu anayeogopa kufanana na baba yake mpaka anamuua kijana aliyemwita baba? Jina limejibu kabla ya msomaji kuulizwa.

Hapo usidhani kwamba jina la mtu ni baya. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania aliita riwaya yake Rosa Mistika, 1971. Mkatoliki yeyote wa Bukavu aliyewahi kukaa hadi mwisho wa rozari analijua: ni mojawapo ya majina ya Bikira Maria katika litania. Basi unafungua ukitegemea msichana mtakatifu. Unamkuta Rosa, binti aliyelelewa kwa fimbo na baba mkali kupita kiasi, anaenda masomoni, uhuru unamkuta hajui la kuufanyia, wanaume wanampitia, na mwisho anajiua. Kitabu hicho kilikatazwa shuleni Tanzania kwa muda. Ukikifunga na kurudi kwenye jalada, lile jina la litania linakuchoma. Herufi ni zile zile, ila wewe si yule aliyezisoma mwanzoni.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na ndicho ninachotaka kuwaachia wale wenye kuandika: jina zuri la riwaya linasomwa mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya ukurasa wa kwanza, linakupa swali. Mara ya pili baada ya ukurasa wa mwisho, linakupa maana ambayo usingeipata mbele. Kichwa cha memware kinasomwa mara moja tu, na ni vizuri hivyo.

Pima kwa vitabu vya karibu na sisi. Mudimbe, mwana wa Likasi, aliita riwaya yake ya 1973 Entre les eaux, katikati ya maji. Unafikiria mto au ziwa. Kumbe ni padri Pierre Landu, aliyeacha parokia akajiunga na waasi porini, na hakuna upande unaompokea kabisa. Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, mwaka 2016 ameandika juu ya utoto uliovunjwa na vita vya Burundi na mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kuna safari ya familia kuvuka mpaka kuja hadi Bukavu yetu. Kwenye jalada hakuna vita wala damu: Petit Pays. Nchi ndogo. Mwisho wa kitabu unaona nchi iliyopotea ni utoto pia, na huo hakuna ndege inayourudia. Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi yeye alichukua jina la bar iliyo ndani ya hadithi yake, Tram 83, 2014, basi. Neno moja na namba. Linasikika hata mtu akilipiga kelele juu ya pikipiki.

Hilo la pikipiki si mzaha. Kwetu kitabu kinatembea kwa mdomo kuliko kwa duka. Mtu anamwambia mwenzake wakiwa kwenye mteremko wa Kadutu, mwingine anatuma odio ya WhatsApp ikiwa na upepo mwingi. Jina lenye maneno tisa linakufa njiani. Na kabla hujalipenda sana, liandike kwenye Google uone kama halina mwenyewe.

Nikarudi kwa kitabu changu. Nilitaka "Mpaka". Kwa Kiswahili sanifu ni neno tamu, ju mpaka ni mwisho wa shamba na mpaka ni "hadi": ugomvi hadi lini? Nikajisifu usiku mzima. Asubuhi nikamwambia rafiki yangu, mtoto wa Kadutu kabisa. Akaniuliza: "Kitabu ya paka?" Wandugu, sisi huku mwisho wa shamba tunasema mupaka, na "hadi" tunasema paka, na yule mnyama wa nyumbani naye ni paka. Mchezo wa maneno unaopendeza Dar es Salaam kwetu unakuwa na mkia. Nikaufuta.

Mwishowe sikutunga chochote. Nilisoma muswada upya na kalamu nyekundu, nikitafuta kitu chenye kurudi bila mimi kukipangia. Kikawa kipimo. Kila mara ndugu hao wanapogombana, mmoja anasema zile mita tatu. Mbele ya chifu, mita tatu. Kwenye matanga ya mama yao, mita tatu. Basi nikaandika juu ya karatasi: Mita Tatu.

Nikalijaribu bila kueleza. Mama mmoja muuza vitenge sokoni aliniuliza kama ni kitambaa. Rafiki wa Kadutu akadhani ni urefu wa kaburi, na hakujua kwamba mlango wa mwisho uko karibu kabisa na hapo. Dada yangu akasema: "Mita tatu ya nini?" na akaomba muswada. Yeye ndiye wa kwanza kuomba kusoma tangu miaka mitatu.

Jumapili nikampelekea baba. Jina la mulima halipo tena, si kwenye jalada wala ndani. Alilitazama muda mrefu. Nikangoja aniulize mita tatu ya nini, kama wengine wote.

Hakuuliza. Alivaa miwani yake, akanirudishia simu, akasema polepole: "Hazikukuwa tatu. Zilikuwa ine."