Je, Wajua? Chokaa ndiyo huua pasi ya mvuke
Maji ya visima vingi vya Mombasa na Zanzibar hupita kwenye miamba ya matumbawe na kubeba madini ya kalisi. Yakipata moto ndani ya pasi ya mvuke, madini hayo huganda kuwa chokaa, ule ukoko mweupe unaouona ndani ya birika, na kuziba matundu ya mvuke. Ndipo pasi inapotema madoa juu ya kanzu nyeupe, na inauma sana ikiwa ni asubuhi ya Idi! Chemsha maji kwanza, yaache yatuame, kisha tumia ya juu. Ukimaliza kupiga pasi, ichomoe kwenye umeme, umwage maji yote ingali na joto ili tangi likauke. Maji ya betri usithubutu: huenda yana asidi.