MAKAPI YA MIWA YANA BEI

Mkulima mmoja wa miwa aliniuliza: "Bwana Shamba, sisi tunalipwa kwa sukari. Makapi yanakwenda wapi?"

Ndugu mkulima, swali hilo ni zuri. Tufuate njia ya makapi.

Tani 1 ya miwa ikikamuliwa, hubaki karibu kilo 300 za makapi mabichi. Kiwanda huyachoma katika tanuri kubwa. Moto huchemsha maji. Maji huwa mvuke wenye nguvu.

Mvuke huo hufanya kazi mbili. Kwanza huzungusha mtambo wa umeme. Kisha, ungali moto, huchemsha maji ya miwa mpaka tupate sukari. Moto ni mmoja, mali ni mbili: joto na umeme.

Umeme hupimwa kwa mita, kwa hiyo bei yake hujulikana. Je, joto lina bei gani? Kiwanda kikitumia mvuke mwingi kuchemshia, umeme wa kuuza hupungua. Thamani ya umeme uliokosekana ndiyo bei ya joto hilo. Kiwanda kinachotunza mvuke hupata umeme mwingi zaidi wa kuuza.

Na mkulima je? Tuwatazame wenzetu wa Morisi, kisiwa chenye mashamba mengi ya miwa. Mwaka 1957 kiwanda cha St. Antoine kilianza kuuza umeme wa makapi nje ya kiwanda. Mwaka 1985 ulianzishwa mfuko wa bei ya makapi, ili mkulima naye apate fungu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wakulima walilalamika kwamba fungu hilo ni dogo. Mwaka 2021 serikali yao ilitangaza bei mpya: rupia 3.50 za Morisi kwa kila uniti 1 ya umeme wa makapi.

Tukumbuke kwamba kiwanda nacho kimenunua tanuri na mtambo. Fedha zote haziwezi kuwa za mkulima. Lakini kuni zimetoka shambani kwake.

Kabla ya kutia sahihi mkataba wa miwa, ulizeni katika mkutano wa chama:

1. Je, kiwanda kinauza umeme?
2. Kinauza uniti ngapi, na kwa bei gani?
3. Fungu la mkulima limeandikwa wapi?

Majibu yaandikwe katika daftari la chama. Mkataba usipotaja makapi, mkulima huyatoa bure.