Uzito wa risasi ya kuwindia: greni peke yake hazitoshi

Hapa Nyakabanda, nchini Rwanda, hakuna anayeamka alfajiri kwenda kuwinda. Wanyama wakubwa wa Rwanda wako ndani ya hifadhi kama Akagera, na huko bunduki ni ya askari wa doria. Lakini ukivuka Mto Kagera umeingia Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii ni kazi halali yenye leseni na msimu wake. Kijana wa mtaani kwetu anayeendesha gari la kampuni ya uwindaji kule Tabora ameniuliza jambo ambalo linastahili jibu refu. Wageni wawili huja na bunduki za kaliba moja, mmoja ana risasi nyepesi na mwingine nzito, na kila mmoja anaapa kwamba yake ndiyo inayoua. Nani mkweli?

Tuanze na kipimo. Kichwa cha risasi, yaani kile kipande kinachoruka, hupimwa kwa greni. Greni moja ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo kichwa cha greni 300 kina gramu 19 na ushee. Wengi hukosea wanapolinganisha greni kwa greni bila kuuliza unene. Kichwa kinene na kifupi hukwama haraka kwenye nyama. Chembamba na kirefu, chenye uzito uleule, hupenya mbali zaidi kwa sababu uzito wote unasukuma nyuma ya ncha ndogo. Mafundi huchukua uzito kwa ratili, wakaugawa kwa kipenyo cha inchi kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, na jibu lake hulitumia kukadiria upenyaji.

Hesabu hiyo ndiyo inayofumbua habari za Walter Bell, Mskoti aliyepewa jina la Karamojo kwa safari zake za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe, na wengi wao aliwaua kwa bunduki ya milimita 7, kaliba ambayo wenzake waliiona ya kuwindia swala. Simsifu kwa idadi hiyo. Tembo wa eneo lile waliilipa gharama. Ila kichwa alichotumia kilikuwa cha greni 173, kigumu, kirefu, kisichotanuka. Ukikipigia hesabu unapata 0.306. Sasa chukua .375 ya Holland & Holland, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912 na ambayo mpaka leo ndiyo kaliba ya kawaida ya nyati, yenye kichwa cha greni 300. Unapata 0.305. Kwa kipimo cha upenyaji, risasi ndogo ya Bell na kubwa ya leo ni ndugu.

Basi kwa nini Tanzania, kama nchi nyingine kadhaa za Afrika zinazoruhusu uwindaji, inataka kaliba isiyopungua .375 kwa nyati na tembo? Kwa sababu kupenya ni nusu ya kazi. Ile .375 hutoka na nguvu ya takriban juli 5,700. Ya Bell ilikuwa chini ya nusu yake. Bell alikuwa amepasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, na alipiga kwa utulivu, akiwa karibu, mnyama akiwa hana habari. Mgeni aliyefika jana kwa ndege, anahema, nyati amegeuka nusu na nyasi zimeficha bega, hana elimu hiyo wala nafasi hiyo. Sheria imeandikwa kwa ajili yake na kwa ajili ya mfuata nyayo aliyesimama mbele yake bila bunduki. Naiunga mkono bila kusita.

Kwa wanyama wa kawaida hali ni nyingine. Bunduki ya .30-06 hukubali vichwa vya greni 150, 180 na hata 220. Kwa swala pala greni 150 zinatosha: kichwa chepesi kinakwenda kasi na hakishuki sana njiani, na mbavu za swala si ukuta. Kwa pofu, ambaye dume lake huweza kupita kilo 700, nisingeshuka chini ya 180. Tena nisingekubali kichwa laini cha kutanuka upesi, maana kikigonga mfupa wa bega huvunjika vipande kabla hakijafika mapafuni. Muundo wa kichwa una neno kubwa kuliko greni 20 za kuongeza au kupunguza. Mnyama aliyejeruhiwa vibaya akakimbia ni mateso, ni nyama iliyopotea, na kwa Waislamu wa kambini huenda asiwahiwe kuchinjwa.

Wapo wanaojaza risasi zao wenyewe. Huchukua ganda la shaba lililokwisha kutumika, wakaweka fataki mpya, wakapima baruti kwa mizani, kisha wakabana kichwa wanachokitaka. Faida yake ni usawa: kila risasi inafanana na mwenzake, na bunduki inapewa uzito inaoupenda, kwani mitutu miwili ya kiwanda kimoja inaweza kutofautiana shabaha kwa risasi ileile. Hatari yake iko kwenye baruti. Kichwa kizito kinahitaji baruti pungufu kuliko chepesi. Anayebadilisha kichwa akaacha kipimo cha zamani anajitengenezea bomu dogo mbele ya uso wake. Mtu makini huanza na kipimo cha chini cha kitabu cha mtengeneza baruti na kupanda kidogo kidogo. Fataki ikitoka imebapa, au bolti ikiwa ngumu kufunguka, harudii kipimo hicho.

Joto huongeza hatari hiyo. Risasi iliyojaribiwa kwenye baridi ya Ulaya, au hata Arusha asubuhi, hupandisha mgandamizo ikishinda juani kwenye dashibodi ya Land Cruiser bonde la Rufiji. Mafundi wa Uingereza walilijua hilo zamani. Baruti yao ya kordaiti iliathirika sana na joto, ndiyo maana waliipa kaliba kama .416 Rigby ya mwaka 1911 ganda kubwa kuliko lilivyohitajika, ili mgandamizo ubaki chini na ganda lising'ang'anie mtutuni nyati akija. Bell naye aliacha bunduki nyingine nzuri kwa sababu risasi zake zilikuwa hazitegemeki, akashikamana na za milimita 7 za Kijerumani. Kwa hiyo, ndugu dereva, risasi za mgeni zisikae juani. Ziweke kivulini, mbali na injini.

Liko jambo moja linalotuhusu hata sisi wa upande huu wa mto. Kichwa chenye madini ya risasi huacha chembechembe kwenye nyama na kwenye matumbo yanayotupwa porini, nao tai mzoga huzila na kudhurika. Ndege hawa huruka mamia ya kilomita kutafuta chakula na mpaka si kitu kwao. Katika jimbo la California, marufuku ya risasi za namna hiyo kwa uwindaji wote ilianza kutumika kikamilifu mwaka 2019. Vichwa vya shaba tupu vipo, hupenya vizuri na havivunjiki ovyo. Ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na mtutu wenye mizunguko ya taratibu ukashindwa kukituliza hewani. Anayehamia shaba ashuke ngazi moja ya uzito: aliyezoea 180 kwenye .30-06 ajaribu 165 au 168, apige kwanza kwenye karatasi, ndipo aende porini.