Maua Juu ya Bwawa la Uani: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mimea ya Majini

Mkazi wa Somanga anayechimba bwawa dogo uani mwake, akalitandika turubai na kulijaza maji, kwa kawaida huwa na shauku moja: kuona maua yakielea juu ya maji hayo. Akisafiri kwenda Dar es Salaam hupita kwenye bustani za miche zilizo kandokando ya barabara, akauziwa mmea wa kuelea kwa maneno kwamba hauhitaji kazi, atupe tu majini utachanua wenyewe. Miezi hupita, majani hujaa, ua halionekani. Katika makala hii tunaeleza chanzo cha hali hiyo, na kwa nini kwa mmea mmoja miongoni mwa hiyo kutochanua ndiyo heri.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na atambue kwamba baadhi ya mimea ieleayo haina ua kabisa. Azola, ule mmea mwororo ambao baadhi ya wafugaji huwalisha kuku na bata, ni wa jamii ya kangaga. Huzaliana kwa spora, wala hapana mbolea wala jua litakalouchanua. Salvinia, yenye majani ya mviringo yaliyojaa vinyweleo, ni vivyo hivyo. Upo pia mmea ufananao na mche wa saladi, ambao huchanua kweli, lakini ua lake ni dogo, jeupe-jeupe, limejificha katikati ya majani hata mwenye bwawa asilione. Muuzaji anayeonesha picha ya ua kubwa la zambarau huku akimfungia mteja azola anampotosha, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza upotoshaji wa namna hiyo. Tunamshauri mnunuzi adai stakabadhi iliyoandikwa jina la mmea, si neno "maua" pekee.

Picha ile ya ua la zambarau lenye doa la njano huwa ni ya gugumaji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na ulisambazwa duniani kwa sababu hiyo hiyo ya uzuri: watu waliupenda wakaupanda katika mabwawa ya bustani. Katika Ziwa Viktoria uliingia kwa njia ya Mto Kagera, na katika miaka ya 1990 ulifunika maelfu ya hekta, ukaziba mialo ya wavuvi na njia za vyombo. Nafuu ilipatikana baada ya wataalamu kuachia wadudu wadogo, jamii ya fukusi, wanaoula mmea huo peke yake. Katika maji yenye joto na rutuba gugumaji huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Likichanua ni balaa zaidi, kwani ua huzaa mbegu, na mbegu zake huzama topeni na kubaki hai kwa zaidi ya miaka 15. Mtu anaweza kuling'oa lote leo, nalo likaota upya pale pale wakati mtoto wake amekwisha kuwa mtu mzima.

Huenda msomaji akasema bwawa lake limezungukwa na ukuta. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mvua zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo hili la Somanga. Maji yenye nguvu ya kukata barabara hayasimami mbele ya ua wa nyumba. Ni kweli kwamba chumvi ya bahari huliua gugumaji, hivyo mikoko na fukwe zetu si pahali pake. Lakini kaskazini yetu liko bonde la Rufiji na mashamba yake ya mpunga, na kusini uko Mto Matandu, na huko maji ni matamu. Kwa hiyo hatutoi maelekezo ya kulichanusha gugumaji. Tunasema lisinunuliwe.

Mmea tunaoupendekeza ni yungiyungi. Kwa kusema kweli hauelei mzima mzima: majani na maua hukaa juu ya maji, mizizi ikishika tope. Lakini ndio umpao mwenye bwawa kile hasa alichokitamani, tena ni mmea wa kwetu. Upo wenye maua ya buluu, uotao katika madimbwi mengi ya Afrika Mashariki, na aina yake mojawapo wataalamu wa mimea waliipa jina la Zanzibar tangu karne ya 19. Upo pia wenye maua meupe.

Yungiyungi lisipochanua, kwa pwani hii cha kushukiwa kwanza ni chumvi. Vitabu vingi vya bustani za majini vimeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, navyo humhimiza msomaji aukinge mmea na barafu. Kwetu hilo halituhusu. Linalotuhusu ni kwamba visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya chumvi-chumvi. Tena jua la kiangazi huvukiza maji na kuiacha chumvi. Tuchukue bwawa lenye kina cha sentimita 60, linalopoteza takribani milimita 5 kila siku. Kwa miezi minne mwenye bwawa atakuwa ameongeza maji yanayolingana na kina kizima cha bwawa, na chumvi yake yote imebaki humo. Maji yaliyokuwa na ladha hafifu Juni yatakuwa na chumvi maradufu ifikapo Oktoba. Majani huanza kukauka kingoni, machipukizi ya maua huoza kabla hayajafika juu. Dawa yake ni maji ya mvua: kinga ya bati na pipa viandaliwe mapema, na mvua zikianza nusu ya maji ya zamani ichotwe, bwawa lijazwe upya. Wakati wa kiangazi maji ya kuongeza yaonjwe kwanza. Ikiwa ulimi unahisi chumvi, mmea utaihisi zaidi.

La pili ni jua. Yungiyungi hutaka jua kamili kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Bwawa lililo chini ya mwembe au mkorosho litatoa majani tu, na majani ya mti yatakayoangukia humo yataoza na kuyachafua maji. Maji pia yatulie: bomba la kurusha maji ni zuri kwa macho ya wageni, ila yungiyungi halipendi kurushiwa matone.

Mizizi ipandwe katika beseni pana lenye udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, samadi iliyooza vizuri ikiwekwa chini na mchanga ukitandazwa juu ili udongo usichafue maji. Kikonyo kiachwe wazi, na juu yake pawe na maji ya sentimita 30 hadi 60. Urea isimwagwe bwawani: huchochea majani na kuyageuza maji kuwa ya kijani kwa mwani. Majani yakifunika zaidi ya nusu ya bwawa yapunguzwe, na mmea uliosongamana ndani ya beseni ugawanywe.

Kuna mnunuzi atakayefanya yote haya na bado aseme halichanui. Yungiyungi la buluu hufunguka asubuhi na kufumba alasiri. La maua meupe hufunguka usiku na kufumba asubuhi jua likipanda. Mvuvi aondokaye alfajiri na kurejea magharibi akinunua la buluu atakuta limefumba kila siku ya maisha yake. Huyo achague jeupe.

Juu ya mbu, perege wadogo wachache watawala viluwiluwi vinavyopanda juu kuvuta hewa. Wakikua huanza kung'ata majani, hivyo wakubwa wavuliwe. Ule mmea wa mfano wa saladi, pamoja na gugumaji, huhifadhi aina ya mbu ambao viluwiluwi vyake hutoboa mizizi na kuvuta hewa humo bila kupanda juu kabisa. Samaki hawawapati kwa urahisi. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoinunua.

Aliye na gugumaji bwawani tayari alitoe lote, pamoja na vipande vya mizizi, kabla halijachanua. Lianikwe juani mbali na mtaro hadi likatike kwa kuvunjwa, kisha lichomwe au lifukiwe shimoni. Tope la bwawa hilo lisimwagwe bondeni wala mtoni, nalo lichunguzwe kila mvua zinaponyesha, ili miche midogo itakayoibuka ing'olewe ikiwa bado na majani mawili au matatu.